Mheshimiwa, chungulia chini ya daraja sio juu tu

Kwako mheshimiwa diwani wa barabara na madaraja,

Salaam. Barua hii naiandika kwa Kiswahili makusudi, tafuteni wa kuwasomea, maana tuko wengi hapa mjini na sisi wa Jumuiya ya Madola huku Uingereza kura za udiwani tunapiga.

Juzi nimewakuta mafundi wenu wanapanga vyungu vya maua kwenye daraja letu la zamani, pamependeza kwa kweli, ila nilivyoinama kuchungulia chini nikaona mto umeshakula udongo kwenye nguzo ya pili, na hapo baridi yenyewe bado.

Mimi nilikuwa Tadcaster, ule mji mdogo wa Yorkshire, ile Disemba ya 2015. Daraja lao la mawe kwenye mto Wharfe lilikuwepo tangu kwenye 1700 huko, farasi wamepita, malori yamepita. Mvua za Krismasi zikajaza mto, wakalifunga tarehe 26, tarehe 29 jioni watu wanarekodi kwa simu mara kipande kizima puu majini na bomba la gesi nalo likakatika, harufu kila mahali. Kulifunga mapema ndo kuliokoa roho za watu, hapo nawapa heshima zao.

Sasa kilichofuata. Kulikuwa na mzee namhudumia ng'ambo ya pili, dirisha lake naliona kabisa, ananipungia mkono, lakini kumfikia mpaka nizunguke na gari kwa barabara kuu ya A64, chai yake ya saa moja anainywa saa mbili imepita. Kidaraja cha muda cha kupita kwa miguu kikaja Februari, daraja lenyewe likafunguliwa 3 Februari 2017, hesabu mwenyewe hiyo miezi.

Maji yanachimba kwa chini mheshimiwa, kokoto zinazoshikilia nguzo zinaondoka kidogo kidogo na wewe juu huoni kitu, lami safi, maua safi. Kwa hiyo naomba mwezi wa kumi, mto ukiwa bado mdogo, mshushe wazamiaji wakapapase miguu ya nguzo zote, na majibu myabandike pale maktaba tuyasome. Na kidaraja cha muda kijulikane kabisa kitatua wapi, kwenye ardhi ya nani, sio tuje tuanze kubishana na wenye ardhi huku wazee wako ng'ambo hawajanywa dawa.

Jumatatu nikienda shifti nachungulia tena.

Mkazi wako, upande wa stendi ya basi