Yah: Malalamiko kuhusu tafsiri ya filamu ya sumaku za JT-60SA

Ndugu Meneja,

Mwezi uliopita niliwalipa shilingi 60,000 kwa kifurushi chenu cha filamu za sayansi zilizotiwa sauti ya Kiswahili, kwa ajili ya klabu ya wanafunzi ninayoilea hapa Morogoro. Nyingine sina neno nazo. Ninayoilalamikia ni ile ya majaribio ya sumaku za JT-60SA, mtambo wa muunganiko wa nyuklia (kuunganisha viini vya atomi) uliojengwa Naka, Japani, kwa ubia na Ulaya.

Msomaji wenu anasema sumaku zile zilipozwa "hadi nyuzi joto 4.5 za sentigredi". Kijana wa kidato cha pili akanyoosha mkono: "Mwalimu, si zingekaa tu kwenye friji ya soda pale kantini?" Darasa likaangua kicheko, na mtoto alikuwa na haki. Ni kelvini 4.5, yaani karibu nyuzi 269 chini ya sifuri! Kwa baridi hiyo ndipo waya wa niobi na titani unapoacha kabisa kukinza umeme, na koili zile kubwa 18 (waya uliozungushwa kuwa sumaku) zikabeba ampea 25,700 bila kuungua.

Kisha lile neno la Kiingereza, "quench", la sumaku kupoteza hali hiyo ghafla, koili ikapata joto na heliamu ya kuipoza ikachemka. Ndilo hilohilo la kukata kiu, na mtafsiri wenu kachagua la kiu: "sumaku ikikata kiu, umeme huondolewa haraka". Kiu ya nini, jamani?

Kibaya zaidi ni habari ya Machi 2021. Mmesema sumaku "zililipuka", hadi mzazi mmoja kanipigia kuuliza nafundisha mabomu au vipi. Hazikulipuka. Kihami kwenye kiungio cha nyaya za koili moja kilikuwa dhaifu, umeme ukaruka, heliamu ikavuja ndani ya tangi lililonyonywa hewa. Wakakarabati, na Oktoba 2023 mtambo ukatoa plazima (gesi ya moto mkali yenye chaji za umeme) yake ya kwanza. Hilo hamkulitaja.

Mhudumu wenu alinijibu kwa WhatsApp kwamba niifute programu niipakue upya. Nimefanya hivyo. Nyuzi 4.5 bado ni za sentigredi.

Naomba sauti irekodiwe upya baada ya kupitiwa na mtu wa fizikia, au mnirudishie fedha ndani ya siku 14. Kwa sasa naionyesha nikiwa nimezima sauti, maelezo nasoma mwenyewe.

Wenu katika ujenzi wa taifa,
Mwalimu mlezi, Klabu ya Sayansi