Wanawake wasiohesabiwa katika takwimu za saratani ya damu

Ndugu Mhariri,

Nafanya kazi maabara katika hospitali ya wilaya, na muda mwingi nimeinamia hadubini. Kila takwimu za saratani zinapotolewa nasikia kauli ileile: saratani ya damu inapanda kwa kasi, na wanaume ndio wanaougua zaidi. Naomba nafasi niseme kwa nini kauli hiyo haitoshi.

Kwanza, idadi ya wagonjwa. Sensa ya 2012 ilihesabu Watanzania milioni 44.9, ya 2022, milioni 61.7. Tumeongezeka kwa zaidi ya theluthi moja ndani ya miaka kumi, kwa hiyo wagonjwa wangeongezeka hata kama hatari ya kila mmoja wetu ingebaki palepale. Halafu kuna dawa. Imatinibu iliidhinishwa Marekani mwaka 2001, na palipo na dawa hiyo mwenye lukemia sugu ya mayeloidi (aina ya saratani ya damu inayokwenda polepole) anameza vidonge nyumbani na kurudi kliniki mwaka hadi mwaka. Foleni ikirefuka kwa sababu watu hawafi upesi, hiyo ni habari njema.

Kinachotakiwa ni kujua wagonjwa wapya kwa kila watu 100,000, kwa jinsi na kwa rika, miaka mingi mfululizo. Marekani wamekusanya hesabu za namna hiyo tangu 1973, ndiyo maana wanaweza kusema bila kubahatisha kwamba limfoma zisizo za Hodgkin, kundi la saratani za chembe nyeupe zinazoanzia zaidi kwenye tezi, zilipanda kwa wanaume na kwa wanawake, kisha kasi ikapoa miaka ya tisini. Wala tusidhani haya ni ya matajiri peke yao. Rejista ya saratani ya Kampala, yaani daftari la kuandikisha wagonjwa wa saratani, ilianza 1954. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago aliyeandika mwaka 1958 juu ya uvimbe wa taya za watoto, ambao ni aina ya limfoma, alikuwa katika jiji hilohilo. Machafuko ya Uganda yaliikatiza kazi ile, ikaja kufufuliwa. Kwa kuwa hesabu za miaka ya sitini zilikuwepo, wataalamu waliweza kuonyesha namna limfoma zilivyopanda kwa jinsi zote mbili baada ya UKIMWI kuingia.

Sasa nirudi kwa wanaume na wanawake. Makadirio ya dunia ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya wa lukemia takriban 475,000: wanaume kama 270,000, wanawake kama 205,000. Tofauti hiyo ipo hata kwenye nchi zenye rejista nzuri, kwa hiyo sibishi kwamba ni ya kweli. Hofu yangu ni kwamba huku kwetu tunaizidisha sisi wenyewe.

Mwanaume akija amepauka na kuhema, tabibu anashtuka na kuagiza picha kamili ya damu, kipimo cha kuhesabu chembe zake zote. Mwanamke akija vilevile, jibu linakuwa limeshapatikana: hedhi, mimba, lishe. Anapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa ale mboga za majani. Niliwahi kuletewa sampuli ya mama mmoja aliyekwisha kuongezewa damu mara mbili kabla ya mtu yeyote kufikiria slaidi, yaani tone la damu lililopakwa kwenye kioo na kusomwa kwa hadubini. Kwa kawaida chembe nyeupe unazitafuta, unazikuta moja moja kati ya chembe nyekundu. Kwake zilijaa kila nilikosogeza slaidi: seli changa, kubwa, kiini kimeenea karibu seli nzima, dalili ya lukemia. Nilimpigia daktari simu kabla sijaandika jibu. Akapewa rufaa siku hiyohiyo, lakini alifariki kabla hajachukuliwa uboho wa mfupa ili kuthibitisha ugonjwa, na chanzo cha kifo kikaandikwa upungufu wa damu.

Mama huyo hayumo katika takwimu yoyote ya saratani. Sijui nimweleze vipi mtu anayenionyesha jedwali na kusema wanawake wetu hawaugui sana.

Yanayohitajika hayana gharama kubwa. Mwanamke ambaye damu yake haipandi baada ya wiki chache za vidonge atengenezewe slaidi, na isomwe na mtu aliyefundishwa kuisoma. Maabara ya wilaya ikiona seli zisizo za kawaida, ipeleke taarifa kwenye rejista ya saratani moja kwa moja, bila kusubiri majibu ya uboho ambayo huenda yasipatikane kamwe; rejista iandike kwamba uthibitisho bado. Na fomu za vipimo zijazwe! Mara nyingi penye umri pameandikwa "mtu mzima" tu, na penye jinsi pameachwa wazi. Kutoka kwenye fomu kama hiyo hakuna atakayeweza kukokotoa chochote cha rika wala cha jinsi.

Gazeti lako nalo lina sehemu yake. Takwimu za saratani zikitangazwa tena, mwandishi wenu aulize zimetoka hospitali zipi, na ni wanawake wangapi kati ya wenye upungufu wa damu waliofanyiwa kipimo cha slaidi.

Mtaalamu wa maabara,
Morogoro