Milia Miwili ya Kijani

Rafiki yangu mpendwa,

Salamu nyingi, na baada ya salamu naomba radhi kwa ukimya wa miezi mitatu. Sikuugua wala sikukusahau. Niliona aibu tu, na aibu hiyohiyo ndiyo iliyonishikisha kalamu leo.

Unakumbuka picha za viinitete vya samaki pundamilia nilizokuonyesha, zenye milia miwili ya kijani katika ubongo wa nyuma? Hapo ndipo jeni ya krox20 inapofanya kazi, katika kipande cha tatu na cha tano cha sehemu hiyo. Swichi ya jeni hiyo tuliiunganisha na GFP, ile protini ya yavuyavu inayong'aa kijani, iliyowapatia Shimomura, Chalfie na Tsien Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2008. Nilikesha nikipiga picha, na saa 36 baada ya yai kurutubishwa milia yote miwili ilikuwa ingali inawaka, nami nikatangaza mbele ya wote kwamba jeni haijazimika. Mwalimu hakubisha. Aliuliza tu, kwa ule upole wake unaoudhi, kama nimeitazama RNA, ile nakala ambayo jeni huitoa inapofanya kazi.

Sikuwa nimeitazama. Nilipochukua viinitete vingine vya umri uleule, nikavihifadhi kwa dawa na kuipaka RNA rangi, mlia wa mbele ulikuwa umefifia hata kuutafuta ni kazi. Jeni ilikuwa imekwisha kunyamaza, na nilichokuwa nikikishangilia ni protini iliyobaki, kwa maana GFP huchukua muda kujikunja mpaka iweze kung'aa, na ikishang'aa hukaa ndani ya seli kwa saa nyingi. Ni mgeni anayechelewa kufika na kuchelewa kuaga. Nililijua hilo tangu masomoni, na ndilo linaloniuma.

Hata hivyo sitaki kuuacha mwanga ule. Kiinitete kilichopakwa rangi kimekufa, na hukuambia habari za saa moja tu. Kilicho hai hukupa mfuatano mzima, ijapokuwa kwa kuchelewa. Juzi nilikilaza kimoja katika agarosi, ile jeli ya mwani, ikiwa ya uvuguvugu, nikawa nakigeuza kichwa kwa unywele uliogundishwa kwenye kijiti, huku moyo wake ukidunda waziwazi mbele ya macho yangu, na kabla sijakinyoosha agarosi ikaganda. Kikabaki kimelala ubavu, kama kinachonisusia. (Kaka Mrefu, mwenzangu wa maabara, alicheka sana, yeye havijawahi kumgandia.)

Sasa nije kwenye ombi. Nimetenga picha 40 za RNA, nikafuta saa kwenye majina yake, kwa kuwa macho yangu yameshazoea kuona ninachokitaka. Je, utakubali kuzitazama na kuandika ni mlia upi unaouona na kwa nguvu gani, bila kujua umri wa kiinitete? Wewe ulipokuwa ukipaka rangi, uliisimamisha baada ya muda uleule kila mara, au uliungoja mlia uonekane? Na ile GFP iliyofanywa ioze upesi, uliwahi kuitumia, au mwanga wake ni hafifu mno kwa ubongo mchanga? Halafu niambie kweli: siku ile nilipokuonyesha picha zangu, nawe ulishuku ukaninyamazia?

Nangoja jibu lako, hata likiwa kali.

Wako daima