Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS): jiwe la mizani kwanza

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,

Yah: Sampuli rejea za chembechembe za nano kwenye chakula

Tangu 2019 usalama wa chakula uko chini ya shirika lako, kwa hiyo swali la titani dioksidi (E171), ile rangi nyeupe ya pipi na bablish ambayo sehemu ya chembe zake ni za nano (chini ya nanomita 100; nanomita ni sehemu ya milioni ya milimita), litafika mezani kwako. Umoja wa Ulaya uliipiga marufuku 2022. Mwaka uliofuata JECFA, kamati ya wataalamu wa FAO na WHO, haikuona haja ya kuiwekea kikomo cha ulaji. Wakubwa wakipingana hivyo, nchi inahitaji vipimo vyake.

Ombi letu: kabla ya zabuni yoyote ya mashine za kupimia chembe hizo, ziandaliwe sampuli rejea, yaani sampuli ambazo kilichomo kinajulikana tayari, za kuijaribia mashine. Afisa wa Wakala wa Vipimo haendi dukani kuamini mizani ya muuza sukari. Anakwenda na mawe yake.

Sampuli rejea zinazojulikana zaidi, kama chembe za dhahabu za nanomita 60 za NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, ziko kwenye maji, si kwenye chakula. Zinafaa kujua ni asilimia ngapi ya sampuli inafika kwenye plazima (gesi yenye joto kali) ya ICP-MS, mashine inayotambua elementi kwa uzito wa atomi zake. Ukikadiria asilimia hiyo mara mbili ya ilivyo, idadi ya chembe inatoka nusu, lakini kipenyo kinapanda kwa 26% tu: 60 inasomeka 76. Ripoti inaonekana safi kabisa. Na kuhusu maziwa dhahabu hiyo haikuambii kitu. Maziwa yamejaa kalsiamu, na atomi zake za uzito 48 (kalsiamu 48) zina uzito uleule wa titaniamu 48, hivyo usuli, yaani kelele ya mashine, unapanda na chembe ndogo zinazama humo. Ukihamia titaniamu 47 umepoteza takriban tisa ya kumi ya ishara ya mashine, na zinazopotea kwanza ni zilezile ndogo unazozitafuta.

Ndiyo maana tunashauri muanze na maziwa ya pakiti, kundi moja lenye E171 na jingine lisilo nayo. Pimeni miligramu 15.36 za E171, zilowesheni kwa mikrolita 30 za ethanoli, kisha ongezeni maji yenye albumini (protini inayozuia chembe kushikana) 0.05% hadi mililita 6. Pigeni kwa mawimbi ya sauti dakika 16, chombo kikiwa ndani ya barafu. Bila barafu protini inaiva na chembe zinashikana. Angalizo ambalo wengi hulisahau: ncha ya kifaa hicho mara nyingi ni ya titaniamu nayo hulika, kwa hiyo maji yenye albumini peke yake yapigwe vilevile na yapimwe. Mililita 4 za mchanganyiko huo zinatosha lita 10 za maziwa kwa takriban miligramu 1 kwa lita, yaani vichupa 1,000 vya plastiki vya mililita 10.

Korogeni muda wote wa kujaza. E171 ni nzito karibu mara nne ya maji. Mkiacha kukoroga, vichupa vya mwisho havitafanana na vya kwanza. Kupima ulinganifu, chagueni vichupa 10 kutoka mwanzo, kati na mwisho wa ujazaji, kila kimoja mara tatu, kwa mpangilio wa bahati nasibu. Vijidudu viuliwe kwa mionzi ya gama, kwani joto la otoklevu (chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke) hugandisha protini. Msiviweke kwenye friza: barafu inapojiunda husukuma chembe pamoja, na zikishikana hazirudi. Hifadhini kwa nyuzi 4, vichache viwekwe nyuzi 25 na 40 kwa wiki kadhaa, maana 40 ndiyo buti la basi la Mwanza saa nane mchana.

Kupima jumla ya titaniamu, asidi ya nitriki pekee haitoshi kuiyeyusha yote. Unga hubaki chini na jibu linatoka dogo. Inahitajika asidi ya hidrofloriki, na asiiguse mtu kabla jeli ya kalsiamu glukoneti, huduma ya kwanza ya majeraha ya asidi hiyo, haijawekwa mezani.

Cheti kitaje masi ya titaniamu, kipenyo cha kati na idadi ya chembe, kila kimoja na shaka yake ya upimaji, kwa utaratibu wa ISO 17034, kiwango cha kimataifa cha watengenezaji wa sampuli rejea. Idadi isiachwe: mpaka wa Ulaya wa kuita kitu nano ni nusu ya chembe kwa idadi kuwa chini ya nanomita 100, na gramu peke yake hazijibu hilo.

Tunaomba kikao na maabara yenu ya chakula na ile ya ugezi (sayansi ya vipimo). Orodha ya vifaa tutakuja nayo.

Wenu,
Wakemia wa maabara za chakula