Kabla ya Kufungua Kipimo cha Ndege ya Zamani

Wateja wengi wanaotuletea vipimo vya ndege za kijeshi katika karakana yetu ya Kamalondo, hapa Lubumbashi, husema wameleta saa. Kosa hilo linaeleweka, maana kipimo cha mwinuko kina uso mweusi, tarakimu kutoka 0 hadi 9 na mara nyingi mishale mitatu. Lakini saa haina tundu la hewa mgongoni, na ndiyo sababu sisi hukigeuza kipimo kabla ya kusoma kilichoandikwa usoni.

Kipimo cha mwendo kina matundu mawili, moja la hewa inayosukumwa na mwendo wa ndege na jingine la hewa tulivu. Kile cha mwinuko kina moja tu. Kibandiko cha nyuma hutaja nchi: herufi A.M. zenye taji juu yake ni za Uingereza, AN ni ya Marekani, na Fl ikifuatwa na namba ni ya Ujerumani.

Ndege yenyewe ni vigumu zaidi kuitaja, kwa kuwa kipimo kimoja kilifungwa katika ndege za aina nyingi. Kamina palikuwa na kambi ambako marubani wa Ubelgiji walijifunza kwa ndege za mafunzo za Harvard, na mwaka 1961 Katanga ilikuwa na ndege za jeti za Fouga Magister. Basi kila muuzaji wa vyuma chakavu huapa kwamba chake kimetoka kwenye Fouga. Fouga inaendeshwa na injini mbili za jeti, zisizo na silinda, kwa hiyo kipimo cha mgandamizo wa hewa iingiayo kwenye silinda hakiwezi kuwa chake, hata muuzaji aape mara ngapi.

Kipimo cha mwinuko mnaweza kukijaribu nyumbani. Zungusheni kitufe hadi kidirisha cha mgandamizo wa hewa kionyeshe 1013, au 29.92 kikiwa cha Kimarekani, kisha mkigonge taratibu kwa kidole. Kwa kuwa mji wetu uko mita 1,200 hivi juu ya bahari, mishale ya kipimo kisicho na hitilafu itasimama karibu na futi 4,000.

Msikifungue, wala msikwangue rangi ya tarakimu. Vipimo vingi vya miaka ya 1940 vilipakwa rangi yenye radiamu, madini yenye mionzi yaliyowahi kuuzwa duniani kutoka Shinkolobwe, jirani na Likasi. Rangi hiyo huacha kung'aa gizani kwa sababu kemikali inayotoa mwanga imechakaa, ilhali radiamu yenyewe huchukua miaka 1,600 kupungua nusu, na vumbi lake ni hatari likivutwa puani.

Kwa hiyo kwanza tutumieni picha tatu: uso, mgongo na kibandiko. Chenye kioo kilichovunjika kifungeni ndani ya mfuko wa plastiki, mkiweke mbali na watoto na chumba cha kulala, mnawe mikono. Hicho hatukipokei mezani, tutakitambua kwa picha.