Shangazi, Ile Bahasha ya Dawa Usiitupe

Shikamoo shangazi.

Tangu Jumapili hupokei simu yangu, basi naandika hapa, wanao wataiona na mmoja wao atakusomea. Mgonjwa mwenyewe, mwanao, kaniruhusu. Kasema, "Andika tu, ila na la mbuzi uliseme."

Siku ile nafika Hombolo kila mtu ana jibu lake. Mama mdogo anasema kijana kachezewa. Mchungaji keshaanza maombi. Jirani yako, yule asiyekosa neno, anasema kwa sauti ya kusikika barabarani, "Huyo wa Mirembe tu," yaani hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma. Mwanao naye anazunguka uani saa nane za usiku, anaongea bila kumeza mate, atanunua mashamba yote ya zabibu mpaka bwawani. Usiku wa nne hajalala. Mbuzi watatu keshawagawa bure.

Kituo cha kwanza tulichompeleka hawakuuliza anatumia dawa gani. Walimchoma sindano ya kumtuliza, tukarudi naye. Kesho yake shingo ikampinda upande, macho yakapanda juu, ulimi ukatoka nje. Unakumbuka kelele zilizopigwa? Mapepo! Hata mimi, sikufichi, nilirudi nyuma hatua mbili. Kumbe ni ile sindano. Haloperidoli humfanya mtu hivyo, hasa kijana wa kiume, na hata vidonge vya kuzuia kutapika, metoklopramidi, huweza. Hospitali ya mjini walimchoma promethazini, na kabla hujamaliza kusimulia pale benchi shingo ilikuwa imenyooka, anaomba chai.

Hapo ndipo daktari alipouliza, "Dawa anazotumia nyumbani ziko wapi?" Ukafungua pindo la khanga, ukatoa bahasha ya kaki iliyokunjwa mara nne. Predinisoloni za figo, za miligramu 5, vidonge 12 kila asubuhi baada ya kula. Miligramu 60 kwa siku, na alikuwa na wiki mbili tangu aanze. Akaulizwa anameza saa ngapi. Jioni, akasema, maana asubuhi anawahi shambani na tumbo tupu zinamchoma.

Shangazi, dawa hiyo inafanana na homoni ambayo mwili hutengeneza wenyewe, kwenye vitezi vilivyokaa juu ya figo. Kwa kawaida huwa nyingi alfajiri. Ukimeza vidonge 12 jua linazama, mwili unadhani kumekucha. Wengine wanakosa usingizi tu. Wengine wanachangamka kupita kiasi, au wanalia ovyo, au wanasikia sauti na kuwashuku ndugu zao. Kuna utafiti wa Boston, Marekani, uliochapishwa mwaka 1972: waliomeza miligramu 40 kwa siku au pungufu, aliyevurugikiwa akili ni kama mmoja kwa 100, waliopita 80, ni 18 kwa 100. Mwanao yuko katikati hapo.

Uliposikia hivyo ukasema zote zinakwenda chooni leo leo. Nikakunyang'anya bahasha mbele za watu. Kwa kukunyang'anya naomba radhi. Kwa kuiokoa, hapana. Mtu akishakaa na dawa hizo wiki kadhaa, vile vitezi vyake vinalala. Ukimkatia ghafla, anaweza kutapika, kuishiwa nguvu, presha ikashuka mpaka akapoteza fahamu. Na figo bado zinaumwa. Ndiyo maana daktari anampunguzia kidogo kidogo, na za kumeza sasa ni asubuhi tu, na uji kwanza.

Sisemi kila aliyechanganyikiwa kachanganywa na vidonge. Wapo walioumwa kweli, wakatibiwa Mirembe, leo wanafanya kazi zao hapa mjini wala huwajui. Ila mtu ambaye hajawahi kuugua hivyo, akabadilika ndani ya siku chache baada ya kuanza dawa mpya, anza na bahasha. Hata dawa ya TB, isoniazidi, ina visa vyake. Na ile efavirenzi ya zamani ya VVU, kabla ya dolutegraviri, watu waliota ndoto za kutisha wakadhani wamerogwa.

Jumamosi nakuja na daladala ya asubuhi, nimempitia uji wa ulezi. Mbuzi wawili wamesharudishwa. Wa tatu yuko kwa jirani yule yule wa Mirembe, anasema ameshaliwa. Mgonjwa anauliza kama angalau ngozi ipo.