Wasifu wa Baba unahitaji kuongezwa

Duluth, Minnesota

Mama mpendwa, shikamoo. Kaka, shikamoo. Wadogo zangu, hamjambo?

Kaka amenipigia kuniambia maandalizi ya kumbukumbu ya mwaka mmoja wa Baba yanakwenda vizuri, na kwamba wasifu utakaosomwa ni uleule wa siku ya maziko. Naomba tuuongeze. Niliusikiliza kwa simu siku ile, na yote yaliyosomwa ni kweli: kuzaliwa Magu mwaka 1948, kuajiriwa kwenye meli za Shirika la Reli la Afrika Mashariki mwaka 1971, kustaafu 2003, mjane, watoto, wajukuu. Lakini mtu asiyemfahamu angetoka pale bila kujua tumemzika nani. Haya ndiyo ninayotaka wajukuu wayasikie.

Waambieni kwamba Baba aliijua MV Victoria kama mtu anavyoujua ukoo wake. Ilitengenezwa Scotland, ikaletwa vipande vipande na kuunganishwa Kisumu, ikaanza safari mwaka 1961. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977 meli ikabaki Tanzania, wenzake wa Kenya na Uganda wakarudi makwao, naye akaendelea kuandikiana nao barua miaka mingi. Kazi yake ilikuwa chini, kwenye chumba cha injini, mahali abiria wa Bukoba hawafiki. Usiku kucha wao wamelala, yeye anasikiliza mashine. Akirudi alikuwa na mkungu wa ndizi begani, na msimu wa senene ukifika hakuna aliyelala mapema kwetu. Ovaroli yake alifua mwenyewe. Mama, unakumbuka alivyokuwa akikunyang'anya beseni? Alisema grisi ni ya aliyeishika.

Mei 21, 1996 MV Bukoba ilizama, ikiwa karibu kabisa kufika Mwanza. Waliokufa wanakadiriwa kuzidi 800, na ndani yake walikuwemo watu aliokula nao na kufanya nao kazi. Baba hakuzungumza siku kadhaa. Alipozungumza, alisema watoto wote wa nyumba hii watajua kuogelea, wa kike na wa kiume. Majirani walishangaa kuona mtu mzima amewafunga mabinti madumu matupu kiunoni anawaingiza ziwani. Kisha akatupeleka hospitali sote tukapimwe kichocho, maana ziwa letu alilipenda lakini alilijua. Na kila ilipofika tarehe hiyo alikwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliozama, peke yake. Hili lisomwe polepole.

Sasa karabai, zile taa za mafuta za kupampu. Hapa ndipo naona wasifu ulimpunja zaidi, kwa sababu uliishia alipostaafu, kana kwamba mikono yake nayo ilistaafu. Kabla taa za sola hazijaenea, wavuvi wa dagaa walitegemea karabai, na dagaa huvuliwa usiku wa giza. Mwezi ukiwa mkubwa mitumbwi hupumzika. Kwa hiyo mwezi ukijaa, uwanja wetu nao ulijaa karabai kutoka Kirumba na Igombe. Baba alikaa kwenye kigoda akizibua tundu la mafuta kwa sindano nyembamba, akilainisha ngozi ya pampu kwa mafuta ili ishike pumzi, akifunga kile kisoksi cheupe na kukiunguza taratibu. Mvuvi asiye na pesa alilipa dagaa, au hakulipa. Mama ulilalamika kidogo, halafu ukawa wewe unayewachemshia chai. Karo yangu ya sekondari ilitoka kwenye taa zile na kwenye biashara yako ya mihogo, Mama, na hilo nalo liandikwe, tena kwa jina lako.

Kuhusu timu yake ya mpira, Pamba, sina haja ya kueleza sana, Kaka ndiye uliyekaa naye jukwaani Nyamagana na Kirumba. Nashukuru Mungu alimwacha mpaka mwaka 2024 akaiona timu imerudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20. Alinipigia huku kwetu ni asubuhi, anaimba. Mchezo wa bao nao mnaujua: aliyemfunga alilazimika kurudi kesho yake.

Hapa ninapoishi kuna Ziwa Superior, ambalo kwa ukubwa wa eneo linalizidi hata Victoria. Baba alipenda kuniuliza habari za meli zake. Nilimweleza zinabeba mawe ya chuma, na kwamba katikati ya baridi kali zinasimama wiki nyingi na mafundi hutumia muda huo kuzifanyia matengenezo. Akanyamaza, kisha akasema, "Hao wanaheshimu injini." Nikaona amefurahi kwa ajili ya watu asiowajua, kwa kuwa tu wamepewa muda wa kufanya kazi yao sawasawa. Tangu siku hiyo nikiona meli zimetulia bandarini humu, najua Baba angetaka kujua wamefungua nini leo.

Wadogo zangu, yaandikeni haya kwa mwandiko mkubwa ili Shangazi wa Sengerema ayasome bila taabu. Naomba asome yeye, ana sauti ya kaka yake. Sanduku la spana lisigawanywe. Apewe yule mjukuu anayesoma ufundi Nyegezi, lakini ajue kwamba majirani wataendelea kugonga mlango. Fedha ya mchele na mafuta nimeituma kwa simu ya Kaka.

Mama, wabeja sana kwa kumtunza. Nakuja Desemba, Mungu akipenda.

Ni mimi binti yenu.